Tuta Nyuma ya Shabaha

Barua ilifika shuleni mwaka wa pili baada ya vita. Ilisema kila taasisi ya kijiji itoe mtu mmoja wa kujitolea kutunza uwanja wa shabaha wa mgambo. Mwalimu mkuu aliisoma kwa sauti ofisini. Tulikuwa walimu sita, na watano kati yetu walikuwa wanaume. Wote watano wakainua macho kutazama dari. Ofisi yetu haikuwa na dari, kwa hiyo walitazama mabati. Mimi ndiye niliyekuwa bado natazama barua, nikachaguliwa.

Nilikuwa na miaka ishirini na saba, nafundisha darasa la nne. Nimezaliwa Nyakatuntu, si mbali na mpaka, na mizinga niliyoisikia mwaka wa sabini na nane ilinitosha. Mafunzo ya mgambo nilikwisha kuyapitia, kama watu wengi wa rika langu. Nilifundishwa kutambaa, kupiga saluti na kufyatua risasi tano. Mkufunzi alisema risasi zangu zote tano zilivuka mpaka bila kibali. Baadaye nikahamishiwa kijiji kimoja upande wa Kanoni, nikafurahi kwamba bunduki nimeziacha nyuma. Ndipo ikaja hiyo barua.

Uwanja ulikuwa bondeni, kati ya kilima cha malisho na vibanja vya migomba vya watu. Upande mmoja palikuwa na mahali pa kulalia wapigaji. Hatua mia moja mbele yao zilisimamishwa shabaha, na chini ya shabaha palichimbwa shimo refu la kukaa mtu anayeonyesha risasi imepiga wapi. Nyuma ya shabaha kulikuwa na tuta la udongo. Risasi ikishatoboa shabaha lazima ipate mahali pa kuishia, na mahali hapo ni tuta. Nyuma ya tuta kulikuwa na migomba, na ndani ya migomba kulikuwa na nyumba ya mama mmoja mjane.

Tulipaswa kuwa watu kumi na wawili. Jumamosi ya kwanza tulifika saba, ya pili wanne, na kuanzia ya tatu tukabaki watatu, tukakaa hivyo kwa miaka. Kwa kuwa vijana wa mpira walikuwa na klabu, na sisi tukajiita klabu ya shabaha.

Mkuu wetu alikuwa mkufunzi wa mgambo, askari mstaafu aliyerudi kutoka vitani na goti lisilokunjika. Kila mtu alimwita afande. Alizungumza na mtu aliyekaa naye meza moja kana kwamba yuko ng'ambo ya bonde. Wa pili nilikuwa mimi, katibu. Wa tatu alikuwa kibarua aliyetoka Burundi miaka kadhaa kabla ya vita vyetu. Aliishi kwa kupalilia na kutandaza nyasi kwenye vibanja vya watu, alisali kwa Wakatoliki, na Kiswahili chake kilikuwa kifupi lakini hakikukosea njia. Yeye hakuletwa na barua. Alikuja tu Jumamosi moja na fyekeo lake, akaanza upande wa chini.

Afande akamwita. "Wewe ni raia?"

"Hapana, afande."

"Basi bunduki huruhusiwi kufyatua."

"Nimekuja kufyeka."

Afande alifikiri. Sheria ilizungumzia risasi. Kuhusu nyasi haikusema kitu. "Fyeka," akasema.

Kazi zilikuwa tatu: kufyeka, kutengeneza shabaha, na kusafisha bunduki. Zote zilikuwa ngumu kwa sababu ile ile: vitu havikuwepo. Miaka ile hata sabuni ilikuwa habari ya kusimuliana. Shabaha tulizitengeneza kwa magunia yaliyowambwa kwenye fremu za miti, juu yake tukabandika karatasi. Karatasi pekee niliyoweza kuipata ilikuwa ya mitihani ya zamani ya darasa langu, hivyo mgambo wa kijiji chetu walijifunza kulenga kwenye hesabu za kugawanya. Gundi tuliipika kwa unga wa muhogo. Ilishika vizuri sana, na mbuzi waliipenda. Wiki moja walikula shabaha tatu, magunia pamoja na majibu.

Mafuta ya bunduki yalipokwisha, afande aliandika wilayani mara tatu. Baada ya barua ya tatu akaamua tutumie samli, kwa kuwa hatukupungukiwa na ng'ombe. Bunduki zikang'aa. Tatizo lilianza kwenye mafunzo. Samli ikipata moto wa risasi hutoa harufu ya chakula, na mbwa wa kijiji kizima walikuja kukaa nyuma ya wapigaji wakingoja. Afande alikuwa anatoa amri ya kulenga, halafu amri ya kufukuza mbwa, halafu amri ya kulenga tena. Sisi hatukucheka. Yule Mrundi ndiye aliyesafisha vizuri kuliko wote. Alifungua, akapangusa, akachungulia ndani ya mtutu kama mtu anayemtazama mgonjwa kooni, akafunga. Bunduki zote nane zilipita mikononi mwake kila Jumamosi, na hakufyatua hata moja.

Siku za mafunzo alikwenda kukaa shimoni. Hakuna mwingine aliyeitaka kazi ile. Risasi zilipita juu ya kichwa chako, na udongo wa tuta ulikuwa unakumwagikia shingoni. Yeye aliiomba. Alikaa kule chini na kijiti chake chenye kitambaa chekundu, akionyesha mahali palipotobolewa, halafu anashusha shabaha na kuziba matundu kwa gundi ya muhogo.

Masika moja mvua ilinyesha hadi barabara zikafungwa. Tulipoanza mafunzo tena hakuna aliyelitazama tuta. Nasema hakuna kwa sababu na mimi sikulitazama, na mimi ndiye niliyekuwa na daftari lenye ukurasa ulioandikwa "Tuta". Mvua ilikuwa imelikula juu, na chini ya udongo mawe yakatokeza. Tuta lilijengwa zamani na wanafunzi, na mwanafunzi akiambiwa alete udongo na jiwe liko karibu, ataleta jiwe.

Jumamosi ile tulipiga raundi mbili. Saa saba mchana, afande akiwa mezani anahesabu maganda ya risasi, yule mama mjane akatokea kwenye njia ya migomba. Alikuwa mfupi, amejifunga khanga kiunoni kama mtu anayekwenda kazini. Mkononi alikuwa na jani la mgomba lililokunjwa vizuri.

"Shikamoo mama," akasema afande, kwa sauti ya bondeni.

Mama hakuitikia. Aliweka jani juu ya meza, akalifungua. Ndani kulikuwa na risasi moja, imepinda ncha.

"Nimewaletea kitu chenu," akasema.

Tulikwenda kuangalia. Mjane alikuwa na mtumbwi wa pombe, ule mti mkubwa uliochongwa wa kukanyagia ndizi, ambao marehemu mume wake alimwachia. Tangu juzi ulikuwa umejaa rubisi inayochacha, kwa ajili ya watu waliomsaidia kuvuna kahawa. Risasi iligonga jiwe, ikaruka juu ya tuta, ikapita kwenye majani na kuingia ubavuni mwa mtumbwi, kwa chini kabisa. Yeye alikuwa amekwenda kukata nyasi. Aliporudi, rubisi yote ilikuwa imeshuka kwenye migomba. Kigoda anachokalia akikoroga kilikuwa hatua mbili kutoka kwenye lile tundu.

Tulisimama pale. Afande alikitazama kigoda kwa muda mrefu. Ndiyo siku pekee niliyomsikia akizungumza kwa sauti ya kawaida.

"Mama, tumekosa. Sema unataka nini."

"Nataka tuta," akasema mjane. "Liongezwe, mpaka mtu akisimama pale mnapolala asilione paa langu. Siku hiyo mtapiga. Kabla ya hapo msipige."

Afande alikuwa na uwezo wa kukataa. Uwanja ulikuwa chini ya kata, si chini ya mjane. Akasema, "Ndiyo, mama." Jumatatu akafunga stoo ya bunduki, ufunguo akauweka mfukoni.

Tulijenga tuta kiangazi chote, na ni yule Mrundi aliyetuongoza. Hakuna aliyemteua. Siku ya kwanza alipanda juu ya tuta la zamani, akaanza kutoa mawe, moja moja, akiyarusha upande wa barabara. Nilimwuliza kama si rahisi kuyafunika tu. Akasema, "Jiwe linairudisha risasi. Udongo unaipokea." Mawe yote yakatoka. Tukachimba udongo mwekundu chini ya kilima, tukaupepeta kwa wavu wa kuanikia kahawa, tukaupandisha kwa machela za magunia na kuushindilia kwa magogo. Jumamosi za mwanzo tulikuwa watatu. Baadaye mgambo waliochoka kukaa bila mafunzo wakaanza kuja, kisha wake zao, kisha watu wa kwaya yetu ya Kilutheri, ambao walikuja kwa sababu mimi nilikuwa sauti ya pili na nilikosa mazoezi mara nne.

Mjane alikuja kila Jumamosi. Alileta kigoda chake, kile kile, akakaa pembeni.

"Shikamoo mama," afande alisema kila alipofika.

"Fanyeni kazi," mjane alijibu.

Katikati ya mwezi wa nane tuta lilionekana limekamilika. Afande akamwita mjane asimame mahali pa kulalia. Akasimama, akatazama.

"Unaliona paa?"

"Silioni. Lakini mimi ni mfupi." Akageuka, akaondoka. Baada ya nusu saa alirudi na jirani yake, mtu mrefu kuliko wote kijijini, aliyekuwa akipita milango yote kwa kuinama, hata ya kanisa. Akamsimamisha pale.

"Naona ncha ya paa," akasema yule mtu, kwa huzuni kidogo, maana alijua tutarudi kuchimba.

Tulifanya kazi wiki mbili zaidi. Safari hii yule mrefu akiletwa hakuona kitu isipokuwa udongo na mbingu. Afande akafuta jasho, akasimama wima na goti lake, akasema, "Shikamoo mama."

"Marahaba," akasema mjane. "Hiyo ni ya leo na ya siku zile nyingine zote."

Kisha akatuambia kwamba udongo mtupu utaondoka na mvua ya kwanza, na kwamba atapanda viazi vitamu juu ya tuta ili majani yashike udongo. Afande alisema uwanja wa kijeshi hauwezi kuwa shamba. Wiki iliyofuata viazi vilikuwa vimekwisha kupandwa. Katika daftari niliandika "majani ya kuzuia mmomonyoko".

Viazi vilistawi mno. Udongo ulikuwa umepepetwa vizuri na, kila wiki mbili, ulikuwa unapigwa risasi. Makubaliano yalikuwa kwamba mjane atavuna taratibu, upande mmoja upande mmoja, na Mrundi atarudishia udongo nyuma yake. Sikukuu ya mavuno ya mwaka uliofuata alileta kapu zima kanisani kwetu, ingawa yeye alikuwa Mkatoliki, kama shukrani kwa kwaya. Baada ya ibada mazao yalinadiwa nje, na mwinjilisti akalichukua kapu lile. Jumatatu alikuja shuleni ameshika shavu. Akaniwekea risasi juu ya meza.

"Mwalimu," akasema, "hii ilikuwa ndani ya kiazi."

Nikamwambia pole. Akasema kiazi chenyewe kilikuwa kitamu. Tangu hapo mjane aliuza viazi vya tuta kwa kuvikata kwanza vipande viwili mbele ya mnunuzi.

Mwaka huo huo, kiangazi kikiwa kinaishia, tukaandaa mashindano na wenzetu wa Nyakasimbi. Kila upande ulikuwa na wapigaji watano. Tulipaka chokaa mawe ya pembeni, tukasimamisha bendera nyekundu kilimani, na mjane akakubali kwenda kushinda kwa binti yake, si kwa hofu, alisema, ila kwa sababu ya kelele. Wageni wakafika na lori la chama cha ushirika. Saa nne kamili mpigaji wetu wa tano akaleta ujumbe kwamba ameamka na malaria, hawezi hata kusimama.

Afande aliangalia kushoto na kulia. Akamwona Mrundi anatoka kuziweka shabaha.

"Wewe. Chukua nafasi ya tano."

"Afande," nikasema, "sheria."

"Sheria iko wilayani, mwalimu. Hapa ni uwanjani. Mtu huyu amezitunza bunduki hizi miaka minne. Apige risasi tano, tuone kama nchi itaanguka."

Mrundi akaja, akapokea bunduki kwa mikono miwili. Akaifungua, akachungulia mtutu, akapangusa mdomo wake kwa upindo wa shati. Nilidhani atalala chini. Akageuka, akanikabidhi mimi.

"Mwalimu apige," akamwambia afande. "Mimi niko shimoni."

Akatembea hatua zile mia moja, taratibu, kila mtu akimwangalia mgongo, akashuka shimoni.

Ikanibidi nilale. Nilikuwa nimevaa gauni la kitenge kwa ajili ya kuwapokea wageni. Nilipiga risasi tano. Mbili zilikwenda kwenye viazi. Mbili zilipata ukingo wa shabaha yangu. Ya tano ilipiga katikati kabisa ya shabaha ya jirani, ambayo ilikuwa ya Nyakasimbi, na kwa kanuni zetu wenyewe, zilizoandikwa kwa mkono wangu, tundu ni la mwenye shabaha. Nyakasimbi walitushinda kwa tundu hilo moja. Kiongozi wao alinishika mkono, akanishukuru.

Jioni, jua likiwa bado halijazama, nilirudi na Mrundi njia moja. Alikuwa amebeba fremu mbili begani. Nilikuwa na hasira, zaidi kwa aibu, nikamwuliza kwa nini alininyima usingizi wa miaka kumi ijayo kwa kukataa risasi tano tu.

Tulipita nyumba mbili.

"Kwetu askari walikuja asubuhi," akasema. "Mimi nilikuwa kwenye mtama. Nikasikia bunduki nyumbani. Nikakimbia. Nilikimbia siku nyingi, mwalimu. Nilifika hapa, nikapata kazi, nikapata mahali pa kulala, lakini zile risasi nazisikia zinakuja. Hazisimami. Nikilima, zinakuja. Kanisani, zinakuja."

Alihamisha fremu bega la pili.

"Halafu nikasikia hapa kuna mahali wanapiga. Nikasema niende nikaone risasi inaishia wapi. Siku ya kwanza nilipokaa shimoni ikapita juu yangu, fyuu. Halafu nikaisikia inaingia kwenye udongo. Puu. Basi. Imekwisha. Nikasema, kazi hii nitaifanya."

Nilimwambia pole. Akasema asante. Tukaendelea kutembea haraka, kwa sababu mvua ya kwanza ilikuwa inashuka upande wa ziwani.

Tangu siku ile nilianza kumpokea zamu shimoni. Sikumwambia sababu, na hakuniuliza. Ni kweli alivyosema. Kule chini, ukizoea, unachokisikia zaidi ni mwisho wake.

Miaka ya tisini ilipoanza, ikaja barua nyingine. Bunduki zikachukuliwa na gari, zikapelekwa wilayani, mafunzo yakasimama. Barua haikusema lolote kuhusu klabu ya shabaha. Kwa hiyo tuliendelea. Jumamosi tulifyeka, tukashindilia tuta palipobomoka, nikaandika daftarini kwamba hali ya uwanja ni nzuri. Tulifanya hivyo karibu miaka miwili, kwenye uwanja usio na bunduki hata moja, mpaka afande akaanza kuugua na sisi wawili tukaona tumebaki wachache hata kwa klabu yetu. Alifariki nyumbani kwake, mchana, akilalamika kwamba watu wananong'ona.

Mwaka tisini na tatu, wakati wa kiangazi, Mrundi alikuja kuniaga. Alisema redioni wametangaza kwamba watu wanaweza kurudi, na watu wengi wa kwao wanarudi. Alikuwa na jembe jipya na begi la nailoni. Mjane, ambaye macho yake yalikuwa yameanza kufifia, alimfungia viazi vya kuchoma na kumwambia asikae huko zaidi ya lazima. Tulimsindikiza hadi barabarani. Alipanda lori la kwenda Ngara.

Kabla ya miezi mitano kupita kwao kuliharibika tena. Sisi tulisikia redioni. Mjane alinituma kila siku kuuliza barabarani kama kuna aliyepita. Walipita wengi.

Wiki moja kabla ya Krismasi nilikuwa uani napepeta maharage. Nikasikia hodi. Alikuwa yeye, amekonda, bila jembe na bila begi. Nyuma yake alisimama mwanamke wa makamo, mrefu, amejifunika blanketi ya kijivu.

"Karibuni," nikasema, nikaweka ungo chini.

"Huyu ni dada yangu mkubwa," akasema. "Nilimhesabu na waliokufa. Na yeye alinihesabu hivyo hivyo. Tulikutana njiani, siku ya tatu ya kukimbia. Alinijua kwa kutembea kwangu."

Dada alisema kitu kwa Kirundi, polepole. Runyambo, lugha ya huku iliyo karibu na Kirundi, ninayoisikia kila siku, ilinisaidia nusu. Nusu nyingine ndugu yake alinitafsiria.

"Anasema nyumba yako ni safi. Anauliza kama anaweza kupata maji anawe miguu kabla hajaingia."

Nilimletea beseni na maji ya uvuguvugu. Alikaa kizingitini, akanawa taratibu sana, kidole kimoja baada ya kingine, na ndugu yake akasimama pembeni amemshikia kandambili mpaka alipomaliza.